Walivyoisingizia Pikipiki ya Rwiza

Nakumbuka siku shemeji yangu Kamugisha alipoletwa nyumbani kwa machela ya miti, bega limeteguka, uso umejaa vumbi jekundu, na neno la kwanza lililomtoka halikuwa "naumwa". Alisema, "Ile pikipiki ni muuaji. Imemmaliza kaka, sasa inanitafuta mimi." Waliombeba wakaguna kukubali, wakageuka kuitazama pikipiki yenyewe, iliyokuwa inasukumwa nyuma yao usukani umepinda. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, mjane ambaye hata kaburi la mume wake lilikuwa bado halijaota majani. Nikawaamini.

Nakueleza haya, mwanangu, kwa sababu nimechoka. Kila jioni hapa Hamugembe, nilikohamia uzeeni, nawasikia ninyi vijana wa bodaboda mkipita kando ya migomba yangu mnazitukana pikipiki. Hii nzito, ile inakula mafuta, nyingine ina mkosi, imeshaangusha watu pale Kashai. Mjukuu wangu naye kakabidhiwa pikipiki juzi tu, na tayari anajua dhambi zake zote. Sina nguvu ya kubishana nanyi. Magoti yananiuma, na mengi ya haya niliyazika pamoja na watu. Lakini vuta hicho kigoda ukae, nikuambie mara moja, maana sitarudia.

Rwiza alikuwa mume wangu. Alirudi kutoka vita vya Uganda na viungo vyake vyote, akanioa, na tukaishi kwenye kibanja chao, shamba la migomba la ukoo, kule Muleba, juu mlimani. Pikipiki aliinunua kwa Mhindi mmoja wa Bukoba mjini aliyekuwa anafunga duka lake la vipuri ahamie Dar es Salaam. Ilikuwa aina ile ya zamani, ya kuchanganyiwa oili humo humo kwenye tangi la petroli. Ilitoa moshi wa buluu, na ilikuwa inalia kwa sauti nyembamba, hadi mtu wa ng'ambo ya bonde anajua Rwiza huyo anakuja. Wenye pikipiki nyingine waliisema tangu siku ya kwanza. Walisema hilo ni jiko, siyo pikipiki. Rwiza alicheka tu. Alikuwa mtu wa kucheka, na hilo ndilo lililonifanya niolewe naye.

Kazi yake ilikuwa kushusha ndizi Ngenge, kule bondeni wanakolima mahindi na maharage, na kupandisha mahindi na maharage huku kwetu. Siku ambazo mzigo haukuwa mkubwa nilikwenda naye, nimekaa nyuma upande upande kama wanawake walivyokaa wakati ule, mkono mmoja nimeshika koti lake. Njia ya kwenda Ngenge inateremka sana, mteremko mrefu wa mawe na kona. Rwiza aliupita miaka yote ile na hakuanguka hata mara moja.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Baada ya vita petroli ilikuwa shida. Ilipatikana kwa kujuana, tena kwenye chupa. Kwa hiyo kila mwenye pikipiki alijifunza tabia moja: akifika mteremkoni, anafunga mafuta kabisa, anaacha gia ndani, na injini inamshikilia taratibu mpaka chini. Unaokoa petroli na unaokoa breki. Vijana walifundishana hivyo, baba akamfundisha mtoto, na mtu aliyeteremka huku injini inanguruma alionekana mpumbavu anayemwaga mali. Kwa pikipiki zao ilikuwa sawa kabisa. Hakuna aliyejiuliza kama ilikuwa sawa kwa ya Rwiza.

Halafu ukaja ule ugonjwa. Ninyi mmeukuta una jina na una dawa. Sisi tuliukuta hauna hata kimoja. Mwanzoni watu waliuita Juliana, kwa jina la kitambaa, kwa sababu wa kwanza kukonda walikuwa vijana wa magendo waliovuka mpaka kwenda Uganda na kurudi wamevaa mashati ya kitambaa hicho. Hata kitambaa kilisingiziwa, mwanangu. Watu walichoma mashati. Baadaye tukasema wamerogwa, baadaye tukasema ni malaria, na huku tunazika. Kulikuwa na majuma ambayo hatukulima kabisa kwa sababu ya misiba.

Rwiza alipoanza kukonda, walioshinda kwetu wakawa wachache. Alipolala moja kwa moja, wakawa hawaji. Walisalimia kutoka barabarani. Aliyeleta ndizi aliziacha kwenye ngazi na kuondoka mbio. Tulibaki mimi, watoto wetu wawili, Koku na mdogo wake, na mama mkwe wangu, Ma Kokugonza, aliyekuwa anamwosha mwanawe kwa mikono yake mwenyewe na kumwimbia nyimbo za kanisa letu la Kilutheri. Sina maneno mazuri ya kukuelezea siku zile. Zilikuwa ndefu, na nilikuwa na hasira na kila mtu mwenye afya.

Alipokufa, pikipiki ikawa mzigo mpya. Ndiyo iliyokuwa inatulisha, kwa hiyo nilimkabidhi Kamugisha, mdogo wake Rwiza, aendeleze kazi. Safari ya kwanza tu, katikati ya mteremko wa Ngenge, tairi la nyuma likakaba lenyewe, likagoma kuzunguka, pikipiki ikamrusha kwenye mawe. Ndiyo siku hiyo niliyoanza kukusimulia. Fundi akaifungua, akaitengeneza, akasema ilinoki tu, yaani injini ilishikana kwa joto. Nikampa kijana jirani anaitwa Deo. Deo alitandika gunia kwenye siti kabla ya kukaa, na si kwa sababu ya vumbi. Naye ikamkabia kwenye mteremko ule ule. Kwa bahati aliangukia kwenye nyasi. Akaisukuma mpaka nyumbani, akaiegemeza ukutani, akaniambia bila kunitazama, "Mama Koku, mimi basi. Hii ina mwenyewe."

Maneno yakatembea. Wakasema marehemu hataki ipandwe. Wakasema aliyekaa juu yake anakauka kama mwenyewe alivyokauka. Waliokuwa wanasema ni jiko sasa walisema walijua tangu zamani. Ukoo ukaita kikao. Mkuu wa ukoo, Ta Mutalemwa, akatuma ujumbe mapema ili nijiandae kwa uamuzi: pikipiki iuzwe mbali isikojulikana, watoto wabaki kwenye kibanja cha baba yao, na mimi niende kwetu nikapumzike. Kupumzika ndilo neno walilotumia. Maana yake niache watoto wangu. Bila pikipiki sikuwa na cha kuwalishia, na asiye na cha kulishia watoto hana la kusema mbele ya ukoo.

Kesho yake mchana nilikuwa namenya ndizi na Ma Kokugonza jikoni. Nikamwambia, "Waiuze tu, Mawe, mama yangu. Mimi mwenyewe naiogopa. Kila nikiipita naona kama inaniangalia."

Akaweka kisu chini. Alikuwa mama mpole, hajawahi kunipandishia sauti tangu niolewe.

"Umekaa mgongoni pa mwanangu miaka yote hiyo," akasema. "Ulikuwa mtu, au ulikuwa mkungu wa ndizi?"

Maneno yale yaliniuma, nisikufiche.

"Mimi sijui pikipiki," akaendelea. "Sijawahi hata kuigusa. Lakini mwanangu hakuanguka. Mteremko ni ule ule, chuma ni kile kile. Basi wanaoanguka wanafanya nini ambacho yeye hakufanya? Nani atajua, kama si wewe uliyekuwa pale nyuma? Mwana wange, unakaa hapa unaniambia chuma kinakuangalia. Wewe ulikuwa unaangalia nini?"

Akachukua kisu chake, akaendelea kumenya. Mimi nilitoka nje, nikakaa karibu na ile pikipiki kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nikajaribu kukumbuka. Si Rwiza wa kitandani, maana huyo alikuwa hanitoki kichwani. Nilimtafuta Rwiza wa mteremkoni. Nikafumba macho nikalishika lile koti. Mguu uko kwenye breki, mwili umerudi nyuma kidogo. Na mkono wa kulia, mwanangu, mkono wa kulia ulikuwa hautulii. Ulizungusha mafuta kidogo, ukaachia, ukazungusha tena, mteremko mzima. Injini ilikuwa inalia na kunyamaza, inalia na kunyamaza, huku tunashuka. Nikakumbuka hata nilimgombeza kwa hilo. Nilimwambia, "Petroli tunaitafuta kwa machozi, wewe unaimwaga kwenye mteremko kwa kujionyesha." Akacheka, akasema, "Nainywesha, mke wangu." Nilidhani ni utani wake wa kila siku.

Hapo ndipo nilipoelewa. Oili yake ilikuwa ndani ya petroli. Ukifunga mafuta, umefunga na oili, na huku gurudumu linaizungusha injini mbio mbio ikiwa kavu. Inapata moto, inakaba, na tairi linakaba nayo. Haikuwa na mkosi wala mzimu. Ilikuwa na kiu, na kila aliyeipanda aliinyima kwa sababu hivyo ndivyo alivyozoea kuifanyia pikipiki nyingine.

Na lingine likanijia hapo hapo, ambalo sikulitafuta. Siku zake za mwisho Rwiza alikuwa haongei. Kinywa chote kilikuwa vidonda. Lakini mkono wake wa kulia, juu ya blanketi, ulikuwa unajikunja na kuzunguka, unaachia, unazunguka tena, huku ananitazama usoni. Nilidhani ni homa. Niliushika ule mkono nikautuliza. Alipouzungusha tena, nikaushika tena. Mpaka leo nasikia alivyokuwa anajaribu kuuchomoa kwenye mikono yangu. Nililia pale kando ya pikipiki, nikalia kwa sauti, na Ma Kokugonza hakuja kuninyamazisha.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwa Deo. Alikataa. Nikamwambia nitakaa nyuma mimi mwenyewe, tukianguka tunaanguka wote. Akafikiri sana, kisha akakubali, nadhani kwa aibu zaidi kuliko ujasiri. Nilifunga kitenge vizuri, nikakaa kiume, mguu huku na mguu kule. Wanawake waliokuwa kisimani waliacha ndoo zao kututazama. Mjane, na kwenye siti ile. Nilisikia mmoja akisema maskini, amechanganyikiwa.

Tulipofika kileleni nikamwambia, "Deo, usifunge mafuta."

"Mteremkoni, Mama Koku? Unataka tufe?"

"Kanyaga breki, halafu ipe kidogo. Uachie. Uipe tena."

"Hivyo haiendeshwi pikipiki yoyote."

"Hii inaendeshwa hivyo. Ipe."

Lakini akaipa. Kila alipojisahau akafunga, nilimgonga bega, naye akaipa tena. Tulipita mawe aliyorushiwa Kamugisha. Tulipita nyasi alizoangukia yeye mwenyewe. Tulifika bondeni Ngenge na injini inalia vizuri, na akina mama waliokuwa wanapepeta maharage wakainua vichwa wakasema wenyewe kwa wenyewe, hiyo si ya Rwiza? Deo akashuka, akaizunguka, akaweka kiganja karibu na injini kupima joto lake. Akasema kwa sauti ndogo, "Tumeionea bure." Kisha akaniuliza, "Lakini kwa nini Rwiza hakumwambia mtu?"

Nikakaa tena nyuma, nikamwambia twende. Ningemjibu ningemtukana, maana yeye naye alikuwa wa kusalimia kutoka barabarani.

Siku ya kikao ukoo wote ulijaa nyumbani. Deo alisimama akaeleza tulivyoshuka. Vijana wakamhoji, wakabisha, wengine wakaanza kuelewa. Ta Mutalemwa akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, "Sawa, ya kukaba tumesikia. Lakini ilimkausha Rwiza. Hilo nalo mtalielezaje? Tuiondoe tu, tupate amani."

Ma Kokugonza akasimama. Kwenye kikao kama kile mama hasimami, na Ta Mutalemwa aliinua mkono kumzuia. Mama mkwe hakuuona mkono ule, au aliuona akaupuuza.

"Waitu, wakubwa wangu, nisameheni," akasema. "Chuma hakikumkausha mwanangu. Mwanangu alikufa kwa UKIMWI. Nilimwosha mimi, najua nilichokiosha. Na mwanao wewe, Mutalemwa, aliyekufa msimu wa senene, hakuwa na malaria. Tumesingizia kitambaa, tumesingizia wachawi, leo tunaisingizia pikipiki ambayo haina mdomo. Kesho mtamsingizia huyu mkamwana wangu, na mtamfukuza, na kufa hakutakoma."

Hakuna aliyekuwa amelisema neno lile kwenye uwanja ule kabla ya siku hiyo. Wengine waliangalia chini. Ta Mutalemwa akaweka mikono yote miwili usoni, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nikawa nasubiri yeye aseme. Aliyesema alikuwa Kamugisha.

Alikuwa amekaa pembeni, mkono umefungwa shingoni. Akasema, "Aliniita."

Mtu akamuuliza nani.

"Kaka. Alipokuwa bado anaongea. Alimtuma Koku kwangu. Akasema njoo nikufundishe ile pikipiki, haiendeshwi kama nyingine, usije ukaumia. Nilikuja mpaka dirishani. Nikasikia harufu ya chumba, nikasikia anakohoa, nikaogopa kuingia. Nikamwambia kwa nje, kaka, nitakuja kesho. Akasema, sawa, kesho. Sikurudi."

Akalia, na hakuna aliyemwambia mwanaume halii. Mimi nilimtazama nikakosa hata nguvu ya kumchukia. Nilikuwa namkumbuka Rwiza akiuzungusha mkono ule juu ya blanketi, siku baada ya siku, akimngojea mdogo wake, na alipoona haji akaamua kunionyesha mimi.

Uamuzi haukuchukua muda baada ya hapo. Pikipiki ilibaki. Nilibaki nayo, na watoto wangu, kwenye kibanja kile kile. Deo aliiendesha miaka mingi, na niliwalea na kuwasomesha kwa safari zake. Kamugisha aliugua baadaye, naye akakonda kama wenzake. Niliingia chumbani kwake kila siku mpaka siku aliyofumba macho. Mimi sikuugua, na mpaka leo sijui kwa nini wengine tuliachwa. Wakati mwingine naona kubaki huku ni kama uchovu tuliopewa sisi tuliobaki, wa kuwabeba wote hao kichwani.

Basi, mwanangu, ninachotaka ukichukue ni hiki. Ukikabidhiwa pikipiki ikakusumbua, funga mdomo kwanza. Mtafute aliyeiendesha kabla yako, ukamuulize aliishikaje, aliipa nini, aliishusha vipi. Usiipime kwa pikipiki ya jirani. Ikikuangusha, jichunguze mkono wako na mazoea yako kabla hujaipachika jina baya barabarani, maana ikishapewa jina hakuna atakayeisikiliza tena. Watu nao hupachikwa majina hivyo hivyo, na nimeona mjane akitolewa nyumbani kwa jina tu. Na huyo anayejua, akikuita, nenda siku hiyo hiyo. Hata kama chumba kinanuka. Hata kama majirani wanakuangalia. Ingia, kaa kitandani kwake, mwache akuonyeshe kwa mkono kama kinywa kimekataa, na usiushike mkono wake ukautuliza.

Nimemaliza. Kachukue pikipiki yako, jioni inaingia na abiria wanakungoja Kashai. Mungu akushushe salama kila mteremko, akupe subira na chombo chako, na siku utakapolala wewe, akupe mtu wa kuingia ndani. Haya, mwanangu. Nenda polepole.